Majani Yaliyoinamia Stoo

Jumanne, 2 Septemba

Madam Lillian amenionyesha kazi mpya. Nyuma ya nyumba, kile kichochoro kati ya stoo na ukuta wa jirani. Mita mbili kwa kumi na mbili, nimepima kwa hatua. Jua hakuna. Huku ghorofa la jirani, huku stoo, juu mparachichi. Saa sita unaona mwanga kidogo, mkubwa kama sahani. Unapita chini, umekwisha.

Anataka majani ya mapambo. Picha anayo kwenye simu. Majani mekundu, yamesimama, yanapeperuka. Nikamwambia haya ni ya jua. Hapa yatageuka kijani, yatakuwa marefu na membamba, yatalala kama mlevi. Akasema, "Mzee Sipriani, we panda tu." Amekulia Mbarara huyu. Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu.

Sawa. Napanda. Lakini nachanganya na urukangaga, ule unyasi wa bondeni kwenye maji. Shina lake lina pembe tatu, ukilizungusha kidoleni unasikia kona. Ule hauogopi kivuli. Mke wangu, Mama Leah, alikuwa anaukausha, anasuka mikeka.

Miaka miwili na miezi minne sasa tangu nimzike. Jioni sina wa kumsimulia. Ndiyo maana naandika.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepanda. Mekundu ishirini kwenye vyungu. Urukangaga chini kwenye udongo, mstari mzima, mpaka chini ya dirisha la stoo. Udongo pale haukauki, nimechanganya changarawe. Mbolea sikuweka. Kivulini ukiweka mbolea jani linakimbia juu bila nguvu, linaanguka. Maji kidogo pia. Majani ya kivulini watu wanayaua kwa maji, si kwa kiu.

Dirisha la stoo ni dogo. Vioo vya kupandisha na kushusha, vimepakwa rangi nyeupe kwa ndani. Mlango uko upande wa jikoni, kufuli kubwa. Nilitaka kuweka jembe langu humo. Umulisa, yule wa jikoni, akasema haraka haraka hapana mzee, humo kumejaa vitu vya zamani vya Madam. Alikuwa anamenya viazi. Akajikata kidole.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Kila chungu kina jani jipya. Mekundu yameanza kuwa kijani, kama nilivyosema. Sikufurahi.

Kidogo nilifurahi.

Jumamosi, 20 Septemba

Kuna kitu sikielewi.

Majani yanainama. Hiyo kawaida. Kivulini jani linatafuta mwanga. Na pale mwanga unatoka mwisho wa kichochoro, upande wa geti. Yangeinama kule.

Hapana! Yote yameinamia stoo. Yote ishirini. Kama watu wamepiga magoti kanisani, altare iko kushoto, wao wamegeukia kulia.

Nimevizungusha vyungu vyote, mgongo kwa stoo. Nimeweka alama ya chaki ili nisijidanganye.

Jumamosi, 27 Septemba

Yamerudi. Chaki iko pale pale, hakuna aliyevigusa vyungu. Majani yenyewe ndiyo yamejikunja, yamepita juu ya chungu, yamerudi kwa stoo. Na urukangaga pia! Urukangaga huwa hauhangaiki hivyo. Unakaa tu kivulini na rangi yake nzito, unasubiri. Lakini ule wa chini ya dirisha umelala wote ukutani. Ncha zimefika kwenye kioo.

Nikamuita Sangwa, mlinzi. Akaja na chai yake. Akaangalia, akacheka. Akasema, "Mzee, majani yako iko nasikiliza maneno ya watu. Kama weye tu."

Nikasema ndani ya stoo hakuna watu.

Akanywa chai. Akarudi getini.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimepata!

Saa nane mchana mvua kubwa, giza kama jioni. Nilisimama chini ya bati la stoo nisilowe. Nikaona dirisha linawaka. Ile rangi nyeupe ilikuwa inang'aa kama maziwa. Kuna taa ndani. Ya nguvu. Imewaka mchana, bila shaka na usiku inawaka. Mwezi mzima.

Ndiyo maana. Jani halijui tofauti ya taa na jua. Linafuata tu.

Nitalala vizuri leo nikifika chumbani kwangu Niboye. Kitu kikiwa na sababu mimi nalala.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemwambia Madam. Alikuwa anaingia kwenye gari. Nilijiona fundi. Nikasema Madam, stoo kuna taa mmesahau kuzima, majani yote yanainama huko, punguza ile taa yatasimama.

Akasimama na ufunguo mkononi. Akauliza nani amesema kuna taa. Nikasema majani. Akauliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna mtu.

Akasema, "Asante, mzee. Nitazima."

Hakuwasha gari. Nilipogeuka bado alikuwa amekaa, anaangalia usukani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Taa imezimwa. Nimechungulia, kioo ni cheupe tu, kimekufa.

Saa nne asubuhi nikasikia sauti. Nyembamba, ndefu. Kama birika linapoanza kuchemka, lakini halichemki. Inatoka ukutani. Ikakatika. Ikaanza tena.

Nikamuuliza Sangwa. Akasema paka.

Nikamuuliza Umulisa. Ameniwekea chakula changu kwenye ngazi kama mbwa, akaondoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Naandika polepole.

Kioo kimoja cha chini kimefunguka, upana wa vidole vitatu. Ndani giza. Na urukangaga uliofika pale dirishani umesukwa.

Umesukwa! Tatu tatu, umekazwa vizuri, kama nywele za mtoto wa shule. Haujakatwa. Mizizi iko kwenye udongo. Umesukwa ukiwa hai.

Mistari mitano.

Sikuugusa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kumi na moja leo.

Nilimuuliza Umulisa kama ni yeye. Akasema ana muda gani wa kusuka majani, nywele zake mwenyewe hasuki, anavaa wigi. Hakucheka. Mimi pia.

Sangwa ndiye hajui kunyamaza. "Mzee, huyo ni mke wako. Amekuja kuangalia kama umeshaoa mwingine." Nikamwambia funga mdomo. Akaona sura yangu, akasema samahani muzee, nilikuwa nataniaga tu.

Lakini ameshasema. Sasa nasikia kila kitu. Nikiweka jembe chini nasikia kitu kinasogea upande wa pili wa ukuta. Nikitembea kinatembea. Nikisimama kinasimama.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimechimba makaburi Karagwe nikiwa kijana, sijawahi kuona kitu.

Mama Leah alikuwa anasuka hivyo. Tatu tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeuliza.

Madam hayupo, ameenda harusi. Nikapiga goti chini ya dirisha kama napalilia. Nikasema kwa sauti ndogo, ni wewe?

Halafu vidole vikatoka. Vinne. Vya mtu mzee, vyembamba, kucha ndefu za njano. Vikapapasa hewa mpaka vikakamata jani.

Si vya Mama Leah. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda, panga lilikikata. Hiki kimenyooka.

Naandika ukweli maana hakuna wa kusoma. Niliumia. Kabla ya kuogopa, niliumia kwanza.

Sauti ikasema, "Bayingana?" Ya mwanamke. Kinyankole, kinafanana na Kinyarwanda, nakisikia. Akauliza Bayingana umekuja, mbona wamezima jua.

Nikasema ndiyo, nimekuja.

Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemkamata Umulisa kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia nimeona vidole. Akaachia shuka likaanguka kwenye tope.

Amesema yote. Ni mukecuru wa Madam, mama yake mzazi. Akili imeondoka. Tangu Julai yuko humo. Alikuwa analala ndani ya nyumba, akatoka mara mbili. Mara ya kwanza walimpata barabarani bila nguo, wazungu wa golf wanapita. Mara ya pili ziwani, maji yamefika kifuani, anaita ng'ombe. Madam akawaambia watu wote amempeleka kwa kaka yake Mbarara. Kanisani walimwombea safari njema.

Anaogopa giza. Ndiyo maana ya ile taa. Ikiwaka anatulia, anafikiri ni mchana, anaimba.

Na Bayingana ni marehemu mumewe.

Nikasema basi mwambie Madam arudishe taa. Akanitazama. "Mimi niseme? Si weye ulisema izimwe? Mzee, weye na majani yako!"

Akaokota shuka. Akalifua upya. Hakunitazama tena.

Taa ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Na niliiondoa mimi, ili majani yasimame.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilitaka kumwambia Madam. Nilifika mpaka mlango wa mbele. Nikauliza kuhusu mpira wa maji umetoboka. Akasema nunua mwingine.

Nimekata urukangaga kule bondeni, nimeukausha juu ya bati langu siku tatu. Leo nimempitishia dirishani, mmoja mmoja. Kila nikiusogeza unavutwa taratibu. Kama samaki anaonja chambo. Bado nywele zinanisimama.

Anaongea sana. Anauliza ng'ombe wamekunywa? Nasema wamekunywa. Anauliza yule mweupe amezaa? Nasema amezaa, jike. Anafurahi, anapiga makofi. Halafu anakohoa. Kikohozi kirefu, cha chini kabisa. Humo kunanuka ukungu mpaka nje. Hewa yake yote inapita kwenye ule mwanya wa vidole vitatu dirishani.

Majani hayajasimama. Nilifikiri yatasimama taa ikizimwa. Yaliyokwishainama hayanyooki tena. Ila machipukizi mapya yanaenda kila upande, hayajui pa kwenda.

Jumapili, 19 Oktoba

Misa. Padri aliongea, sikusikia. Mbele yangu mwanamke amesuka tatu tatu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Madam amekuja kichochoroni. Viatu vyake vinazama kwenye udongo mbichi. Hajawahi kufika tangu siku ile ya kwanza.

Ameona misuko. Sasa ni mingi, dirisha lote lina ndevu za kijani. Kakeka kadogo kametokeza pale kwenye kioo, kamening'inia.

Hakupiga kelele. Akakashika kale kakeka. Akasema, alikuwa anatutengenezea hivi kambini, tukiwa wakimbizi, tunakalia shuleni. Halafu akasema, "Unajua."

Nikasema najua, Madam.

Akasema mzee usifikiri mimi ni mnyama. Alimwosha mwenyewe jana. Kila jioni anamlisha kwa mkono. Siku ile ya ziwani yeye alikuwa ofisini, watu wamejaa mezani, simu ikapigwa, akafikiri ni maiti anaenda kuchukua. Hapa hatakufa kwenye maji. Hapa hakuna atakayempiga picha.

Nikasema anakohoa.

Akasema anajua anakohoa.

Nikasema basi rudisha hata taa. Akasema taa ndiyo imetufikisha hapa. "Weye mtunza bustani, hujasoma, umemjua kwa majani. Wengine je?" Armel, mutwarasibo, yule kiongozi wa nyumba zetu za hapa, anapita Jumatano na daftari. Anaandika kila mtu wa kila nyumba, wafanyakazi wote. Anapenda kuzunguka mpaka nyuma. Anapenda bustani.

Kwa hiyo ng'oa majani. Na dirisha lizibwe. Tofali zinakuja Jumanne.

"Ulikuwa fundi ujenzi zamani, si ndiyo?"

Nilikuwa saidia fundi. Nikasema ndiyo.

Nikamwambia angalau niache tundu juu. Akasema tundu akilipata atatoa mkono. Hapana.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda misa.

Nikikataa ataita mwingine. Mwingine hatajua hata yupo. Ataziba, atachukua soda, ataondoka.

Nikikubali nitaweka tundu dogo nyuma ya bati, halionekani na mtu. Nimejiambia hivyo asubuhi yote. Jioni nikajiuliza tundu la ukubwa gani mtu anapumua. Sijui. Majani najua. Jani la kivulini linaweza kuishi kwa mwanga kidogo sana, halifi, linakuwa jembamba tu, halitoi ua, linakaa. Ukilitazama unasema lipo. Mtu sijui.

Miaka hamsini na tisa. Nani ananiajiri?

Jumanne, 28 Oktoba

Tofali zimefika. Arobaini. Mifuko miwili ya sementi, mchanga.

Mekundu nimeng'oa. Yalitoka kirahisi, mizizi mifupi, hayakuwahi kushika. Urukangaga umenishinda. Mizizi imepita chini ya msingi wa stoo. Nimeukata juu tu. Misuko nimekata kwa mundu. Ilikuwa bado na maji ndani.

Mukecuru alilia? Hapana. Aliuliza, Bayingana, ng'ombe wamekula majani yote? Nikasema ndiyo. Akasema basi wameshiba.

Jumatano, 29 Oktoba

Naandika hapa hapa kazini. Nimekaa kwenye ndoo, daftari juu ya goti. Saa tano.

Nimeanza saa moja. Safu tatu zimesimama. Zimebaki mbili, na kioo cha chini kimeshafunikwa. Sauti yake sasa inatoka juu ya tofali, kama mtu aliye kisimani. Madam amesema nimalize kabla Armel hajafika, halafu nipake plasta, nipake rangi nyeupe, ukuta ni ukuta.

Mukecuru anafurahi! Hilo ndilo siwezi. Tangu nimeanza kugonga tofali anafurahi. Anafikiri namjengea nyumba. Aliniuliza, Bayingana, hatimaye tunajenga? Nikasema ndiyo. Akasema jenga vizuri, mvua isiingie, tumechoka na hema. Akawa ananipangia. Mlango uangalie wapi. Ng'ombe walale wapi. Dirisha weka kubwa, anasema. Weka kubwa nikuone ukirudi.

Nilipoweka tofali la mwisho la safu ya tatu, vidole vyake vilikuwa juu yake. Vinapapasa sementi mbichi. Vinalainisha kingo, vizuri kabisa, kama fundi. Ananisaidia.

Nikaweka mwiko chini. Nikakaa.

Madam ameniita kutoka jikoni. Nimesema nakunywa maji.

Umulisa amekuja mpaka kona, amesimama na sufuria tupu. Hajaondoka.

Geti limefunguliwa. Namsikia Armel, ana sauti kubwa yule, anamtania Sangwa eti amenenepa kama waziri. Anamuuliza hapa muko wangapi. Sangwa anasema watatu. Madam, Umulisa, na yeye mwenyewe. Amesema vizuri, bila kukohoa. Armel anauliza, na huko nyuma nani anajenga, nasikia harufu ya sementi? Sangwa anasema ni mzee wa bustani tu, huyo ni mtu wa Niboye. Armel anasema basi nimsalimie, na hayo majani niliyoyasikia niyaone.

Madam ananiita tena. Sasa hajaniita mzee. Sipriani, anasema. Maliza.

Sementi kwenye karai imeanza kushika. Nimeusimamisha mwiko juu yake, hauzami. Dakika chache tena haitafaa kitu. Mchanga upo, maji yapo, ningeweza kuikoroga. Naiangalia.

Viatu vya Madam vinakuja upande wa jikoni. Haraka. Viatu vya Armel vinakuja upande wa geti, vyenyewe polepole, anasimama kuangalia maua.

Mukecuru anagonga tofali kwa ndani. Bayingana, mbona kimya? Bayingana, umechoka? Anagonga tena. Anaita kwa nguvu sasa, anaita mpaka mparachichini ndege wameruka.

Sijamwambia anyamaze.